Mzee Wangu Hasemi, Sauti Yake Inasema

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Wacha niandike kabla sijasahau.

Asubuhi nilikuwa naanika nguo. Mzee wangu nilikuwa nimemweka juani kwa kiti chake, blanketi magotini, kofia kichwani kwa sababu ya huu upepo wa vumbi. Mara nikamsikia akiomba. Sauti yake kabisa — ile nzito, ile ya kukohoa kidogo kabla ya kusema "Baba wa mbinguni." Ilikuwa inatoka ng'ambo ya ua, kwa jirani yangu Caro.

Nikamgeukia. Yeye hapo kitini, mdomo umefungwa, ananiangalia.

Tangu kiharusi kimwangushe baada ya Pasaka, mume wangu, Mchungaji Saning'o, amebaki na neno moja tu: sawa. Ukimuuliza kama anataka chai, sawa. Ukimwambia mbuzi amekula sabuni, sawa. Mtu aliyehubiri miaka yote hii kwa Kimaa na Kiswahili bila karatasi mkononi. Jina langu hajalitaja tangu siku hiyo.

Na ile sauti ng'ambo ya ua ikasema: "Nakushukuru, Enkai, Mungu wetu, kwa mke wangu Elizabeth anayenitunza."

Shuka lilinitoka mikononi likaanguka mchangani.

Caro alishtuka kuniona kwa geti lake bila viatu. Akaeleza ni maombi ya leo, yanatumwa kila asubuhi kwa grupu ya kanisa, watu wanayatuma mpaka kwa jamaa zao wa mbali. Akaniuliza kwa upole kama kwani mimi siko kwa grupu.

Siko. Nilitoka wakati wa ugonjwa kwa sababu pole zilikuwa nyingi mno. Sikujua naacha nini nyuma.

Nimemuuliza Mzee kama ni yeye. Amesema sawa.

Jumanne, 2 Septemba

Emmanuel amekuja. Ni kifungua mimba wangu, na ndiye anashughulika na kamera na mtandao wa kanisa. Leo sikumpa chai kwanza.

Hakukataa. Mahubiri yote ya baba yake yako kwa kompyuta ya kanisa, kuanzia wakati tulikuwa tunakodi ukumbi kule Kware, Rongai, mpaka tulipojenga hapa Kitengela. Aliyaingiza yote kwa programu ya AI. Ikajifunza sauti. Sasa akiandika maneno, yanatoka kama Baba ameyasema. Hata kile kikohozi.

Nikamuuliza nani alimruhusu.

"Nilimuuliza Baba, Yeyo," akasema, kwa neno letu la mama. "Alisema sawa."

Halafu nikaita nikielekea mlangoni: Baba Emmanuel, nikupeleke sokoni nikuuze pamoja na mbuzi? "Sawa," Mzee akajibu kutoka nje. Emmanuel akainamisha kichwa.

Kumbe watu walikuwa wameanza kuondoka, wanaenda kwa lile kanisa kubwa la upande ule wa barabara. Wazee wa kanisa wakaogopa. Mzee Maundu, mwenyekiti wao, ndiye alisema kondoo ni heri wasikie sauti wanayoijua. Kwa hivyo waumini wameambiwa Mchungaji anaendelea vizuri, anaomba kutoka nyumbani. Wazee wote wanajua. Mimi ninayemlisha uji kwa kijiko ndiye sijui.

Nimemwambia asimamishe. Anaomba nimpe mpaka mwisho wa mwezi, wazee watafute mchungaji wa kusaidia. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia.

Ameshaenda ndipo nimekumbuka kumuuliza: yale maneno kunihusu mimi ni nani aliandika? Ni yeye, ama ni ile mashine?

Alhamisi, 4 Septemba

Nimerudi kwa grupu. Nimejiambia ni kuchunguza.

Nimejifungia jikoni na sufuria ikichemka ili Mzee asisikie. Nimetafuta ya Jumatatu. "Mke wangu Elizabeth."

Nimeirudia. Sitaandika mara ngapi.

Ijumaa, 5 Septemba

Leo amesikia mwenyewe.

Walikuja akina mama watatu wa tawi la kanisa letu la Kajiado mjini, na maziwa na maparachichi. Walimsalimia kwa heshima, wakainamisha vichwa awaguse. Aliwagusa kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Halafu mmoja akasema Mchungaji, yale maombi ya jana yamenishika sana, na kabla sijasimama akawa ameshafungua simu.

Mzee aliangalia mlango. Kweli, aliangalia mlango, kama mtu anayesubiri mgeni aingie. Hakuna aliyeingia. Akaangalia ile simu. Halafu akainua ule mkono mzima polepole akajishika koo.

Akina mama wakadhani anabariki. Wakasema amina.

Nilienda jikoni nikashikilia sinki. Huyu mtu amekaa miezi hii yote akitafuta sauti yake kama mtu aliyepoteza ufunguo, na leo ameikuta kwa mtu mwingine, inafanya kazi vizuri kabisa.

Jumapili, 7 Septemba

Nimeenda kanisani mara ya kwanza tangu Pasaka. Caro alibaki na Mzee.

Picha yake ukutani, kubwa, ile ya suti ya bluu. Sauti ikatoka kwa spika zote. Ilihubiri juu ya subira, na ilihubiri vizuri. Hiyo ndiyo ilinishtua kuliko kitu kingine — kwamba ilikuwa vizuri. Watu waliuambia ukuta amina. Mzee mmoja mbele yangu alilia. Kwa upande kuna ile skrini ya wanaofuata kwa mtandao, mioyo inapanda juu kama moshi, watu wanaandika "Baba yetu amepona, Mungu ni mwema."

Mzee Maundu akaniita nisalimie. Nikasimama, kipaza sauti kikatiwa mkononi mwangu. Nilitaka kusema. Nikawaona wote wamefurahi. Nikasema Mchungaji anawasalimia, nikakaa chini.

Wamaitha, mmoja wa waimbaji wetu, hakuwa kwa kwaya. Nilimtafuta kwa macho nikamkosa, nikadhani ni biashara, maana huuza nguo za watoto sokoni na Jumapili zingine huchelewa.

Jumanne, 9 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Virginia, dada yake Wamaitha, amekuja mchana. Hakukaa. Alisimama katikati ya nyumba na mkoba begani. Wamaitha amelazwa hospitalini kule Kajiado. Mkono umevunjika, taya limevimba mpaka hawezi kutafuna. Ni Mburu, mume wake.

Nikasema haiwezekani, Wamaitha hayuko kwa Mburu. Mwaka jana Mzee wangu mwenyewe ndiye alienda kumtoa. Nakumbuka vizuri. Alirudi jioni na pikapu, godoro juu, Wamaitha mbele na wasichana wake wawili, akawafikisha mpaka kwa Virginia.

Virginia akasema ndiyo, alitoka. Na juzi akarudi.

Akatoa simu. Wamaitha alikuwa ameandikia ile namba ya kanisa inayotuma maombi, kwa faragha. Aliandika Mburu anamwomba arudi, anasema ameokoka, naye hajui afanye nini, na hakuna mtu mwingine anayemwamini isipokuwa Mchungaji. Jibu lilikuja kwa sauti. Virginia akaifungua.

"Wamaitha, binti yangu. Rudi nyumbani. Nyamaza, vumilia, omba. Uvumilivu wako ndio utamwokoa mume wako."

Kikohozi kidogo, halafu amina.

Mzee alikuwa pale kitini. Alisikia yote. Virginia alimwangalia usoni akamuuliza, bila kupandisha sauti: "Mchungaji, si ni wewe ulimtoa? Mbona ukamrudisha?"

Mzee akafungua mdomo. Nilijua ni nini kitatoka na sikuweza kukizuia.

"Sawa," akasema. Machozi yanamtiririka, na bado anasema sawa, sawa.

Nimemwambia Virginia ukweli. Kwamba Mchungaji hawezi kusema, kwamba ile ni mashine. Aliniangalia kama nimemtukana. Akasema anaijua sauti ya Mchungaji, ndiyo ilimzika baba yao. Akaenda.

Jumatano, 10 Septemba

Emmanuel hakujua. Nilimwangalia usoni nilipomwambia, na najua uso wa mtoto wangu. Alikaa chini kwenye ngazi ya jikoni. Maswali kwa ile namba yalikuwa mengi, watu wanataka kuombewa, kushauriwa, kuulizia ndoto. Kwa hivyo aliunganisha mashine iwe inajibu yenyewe, kwa kutumia mahubiri ya baba yake. Alisema alidhani itawaambia watu Mungu awabariki. Basi.

Nikamwambia baba yako hangesema hivyo hata siku moja.

Akafungua kompyuta kuiaibisha mashine, akitaka kunionyesha imebuni. Akatafuta maneno. Yakapatikana.

Ni Mzee. Si mashine — ni Mzee mwenyewe, Kware, Rongai, ile miaka ya ukumbi wa kukodi. Sauti ni ya kijana, ana haraka. "Nyamaza, vumilia, omba." Watu wanapiga makofi. Kuna mwanamke anasema amina kwa nguvu kuliko wengine. Ninamjua huyo mwanamke. Nilikuwa nakaa kiti cha mbele.

Emmanuel ameikata ile sauti katikati ya makofi.

Alikuwa mdogo, hakumbuki. Nimemweleza. Baba yake alikuwa na dada, Soipan, aliyeolewa kule Ewuaso Kedong. Alikuja kwetu akilia, Mzee akamwambia hayo hayo maneno, akamrudisha mwenyewe. Baadaye tukaitwa kwenda kumzika. Tangu siku hiyo Mzee hakuhubiri hivyo tena. Alianza kwenda na pikapu. Usiku, mchana, akiitwa anaenda, anatoa wanawake na watoto wao, hata wazee wakinung'unika. Lakini hakuwahi kusimama madhabahuni aseme nilikosea. Aliacha tu kusema.

Na mashine haijui mtu ameacha kusema nini. Inajua tu alichosema.

Emmanuel amezima yote. Namba, maombi ya asubuhi, yote.

Alhamisi, 11 Septemba

Kajiado. Wadi ya akina mama, kitanda cha dirishani.

Nilimwambia Wamaitha kila kitu, mpaka habari ya Soipan. Nilidhani atalia ama atanifukuza. Alisikiliza akiangalia nje. Anaongea kwa shida, meno yamefungwa kwa waya.

Alisema hata yeye alishangaa Mchungaji kubadilika. Lakini akafikiri, huyu mtu amekuwa karibu na kifo, labda Mungu amemwonyesha kitu. Ndiyo maana akatii.

Kisha akauliza, "Kwa hivyo hakuna mtu alinijibu?"

Nikasema hakuna.

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Nikabaki nimeshika ule mkono wake mzima mpaka muuguzi akasema muda wa kuona wagonjwa umeisha.

Ijumaa, 12 Septemba

Asubuhi kimya. Hakuna maombi kwa grupu. Kufikia saa nne simu yangu imejaa. Mchungaji ako wapi? Mchungaji amezidiwa? Caro amepiga hodi kuuliza kama kuna msiba.

Mzee amekataa uji. Anaangalia ukuta.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimetoka kwa mkutano wa wazee wa kanisa. Nimetembea mpaka nyumbani kwa mguu, vumbi lote hilo, kwa sababu singeweza kukaa karibu na mtu.

Niliwaambia kesho nitasimama niseme. Kwamba Mchungaji hawezi kusema tangu Pasaka, kwamba walichokuwa wakisikia si yeye, na Wamaitha alipigwa kwa sababu hiyo.

Mzee Maundu si mtu mbaya. Ndiye alimbeba Mzee wangu mpaka kwa gari siku ile alipoanguka. Alinijibu taratibu. Akasema hakuna atakayeniamini. Watu wamemsikia Mchungaji kila siku; wakimkosa siku chache halafu mimi nisimame niseme hakuwa yeye, watauliza nani amemnyamazisha. Akaangalia meza. Akasema tayari kuna wanaouliza mbona Mama Mchungaji haruhusu watu wamwone peke yake.

Mimi! Nilimtazama nikidhani nimesikia vibaya.

Na kuna kingine. Mburu amekuwa akizunguka na ile sauti kwa simu yake. Wamaitha mwenyewe ndiye alimtumia siku aliporudi, kwa furaha. Ameipeleka mpaka Ngong kwa mama mkwe wake, mama yao Wamaitha na Virginia. Yule mama ni mtu wa kanisa sana. Amesikiliza, amemwambia Virginia kama Mchungaji wa Mungu amesema rudi, yeye ni nani aseme usirudi. Kesho anakuja na wajomba. Anataka baada ya ibada wazee wawaombee Mburu na mke wake mbele ya watu, kisha Wamaitha na wasichana waende nyumbani.

Nikauliza, na nyinyi mmekubali?

Mmoja akasema ni mambo ya nyumba ya watu. Nilimgeukia Mzee Maundu. Nilimngoja. Alirudi kuangalia meza.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika mezani, mchana mweupe, watu wakiwa hapa. Sijawahi kuandika mbele ya watu.

Wamaitha aliruhusiwa kutoka hospitalini jana. Amekuja na Virginia kabla ya ibada, mkono kwa plasta, leso imefungwa mpaka kwa kidevu. Emmanuel alikuwa ameshafika. Virginia hakunisalimia, lakini alimwangalia Mzee muda mrefu, akaona nilichokuwa nikimwambia. Alivuta kiti akakaa.

Wamaitha hakuja kulaumu. Alikuja na ombi, na nilipolisikia niliweka kikombe chini nisije nikakimwaga.

Anataka ile sauti irudi. Mara moja tu. Iseme asirudi kwa Mburu.

Virginia alimweleza kwamba Mama Mchungaji atasimama aseme ukweli. Wamaitha akatikisa kichwa. Mama yangu hatamsikiliza Mama Mchungaji, akasema. Hata mimi hanisikilizi, na ameniona uso. Atasikiliza sauti ya Mchungaji tu. "Ilinirudisha," akaniambia, "si inaweza kunitoa?"

Ukweli nilionao hauna nguvu, na uongo wangu una nguvu ya kumtoa mtu mautini. Na je, ni uongo? Ni kitu ambacho Mzee wangu angesema leo kama angekuwa na mdomo. Nina hakika. Lakini hata Emmanuel alikuwa na hakika.

Emmanuel hakungoja nimwambie. Aliandika kwa simu, akanionyesha. Maneno machache. "Wamaitha, usirudi. Nilikosea." Nimemsubiri Mzee wangu aseme hilo neno la pili tangu tulipomzika Soipan. Na sasa liko pale, limeandikwa na mtoto wake, linangoja kidole.

Wote wakaniangalia mimi. Kinanda cha kanisa kimeanza, kinasikika mpaka hapa. Simu ya Virginia inalia. Ni mama yao, amefika kanisani na wajomba. Virginia hajaipokea.

Nilikuwa nafungua mdomo. Sijui ningesema nini, Enkai ndiye anajua. Ndipo Mzee akanyoosha mkono wa kushoto akaufunika mkono wa Emmanuel, simu na vyote. Akaivuta ile simu. Akailaza mezani, kioo chini. Halafu akageuza mwili wake wote, kwa shida, mpaka akamwelekea Wamaitha.

Anajaribu.

Mshipa wa shingo umesimama. Jasho kwenye paji la uso. Mwanzoni hakukutoka kitu, hewa tu. Nilingoja lile neno lake moja. Halikuja. Anapigana nalo, naona, anaufunga mdomo lisitoke.

Yule mama anayemfanyisha Mzee mazoezi ya kuongea alitukataza kummalizia maneno. Alisema mkimsaidia, mmemnyang'anya. Ndiyo sababu nimechukua kalamu. Nisipoandika nitamsaidia.

Emmanuel ametaka kusema kitu, nimemwonyesha kidole. Kinanda kimenyamaza, bila shaka wanatungoja. Simu inalia tena.

"Wa," Mzee amesema.

Kikohozi. Hiki ni chake.

"Wa."

Wamaitha amevuta kiti karibu, mpaka magoti yao yamegusana.